Mshono Ulionyooka

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Mkasi, na si kwa sababu ya ulimi wake, ingawa ulimi nao ulikuwa unakata. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike, na sifa yake kubwa ilikuwa kwenye kukata kitambaa. Mafundi wengine walipima, wakachora kwenye karatasi, wakachomeka pini, wakapima tena, ndipo wakathubutu kushika mkasi. Yeye alikutazama ukiingia mlangoni, akakugeuza mara moja kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akauliza unataka ikufike gotini au chini, kisha akatandaza kitambaa mezani na mkasi ukaanza safari. Kiuno kilikaa kiunoni, kwapa halikubana. Mwanamke mwenye bega moja juu na jingine chini alitoka pale mabega yakiwa sawa, na hakujua imekuwaje.

Kiharusi kilimkuta mezani, asubuhi, akiwa katikati ya sketi ya mteja. Aliona mkasi umekuwa mzito. Akadhani umenasa kwenye pindo, akautazama vizuri, akaona vidole vyake vinaulegeza bila kumwomba ruhusa. Mkasi ukaanguka. Akainama kuuokota, naye akaufuata sakafuni.

Hospitali alikaa wiki kadhaa. Roho ilisalimika. Ulimi ulirudi ukiwa mzito, halafu ukachangamka kama zamani. Mguu wa kulia ulikubali kutembea, kwa kuburutwa kidogo. Mkono wa kulia ndio haukurudi. Ulining'inia begani kama mkoba wa mtu mwingine alioachiwa aushike kidogo, na mwenyewe hajarudi. Daktari hakumficha: mazoezi yangesaidia bega na kiwiko, lakini vidole asivitegemee tena kushika sindano. Aliyasema kwa upole, akasubiri mgonjwa alie. Mgonjwa hakulia. Aliuliza tu ataruhusiwa lini kwenda nyumbani.

Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Mume wake alikuwa fundi rangi, na kazi ya rangi haimfuati fundi, yeye ndiye huifuata. Jengo likiwa mbali alilala huko huko mpaka rangi ya mwisho ikauke. Binti yao pekee aliolewa mbali na alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kwa hiyo mume alimleta dada yake mkubwa.

"Ni wifi yako," alimwambia mkewe. "Si mtu baki."

Mama Mkasi alijua si mtu baki. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Siku ya harusi yao, wifi huyo alisimama mbele ya wageni akasema kaka yake amewaacha wasichana wanaojua kupika, amechukua anayejua kushona, basi tungoje tuone kama atakula vifungo. Watu walicheka. Bibi harusi naye alicheka, akaliweka neno lile mahali pazuri, lisipotee. Miaka yote iliyofuata wawili hao walikutana kwenye misiba na harusi, wakasalimiana kwa ule uangalifu wa mtu anayebeba sufuria ya moto.

Wifi alikuwa amefanya kazi karibu maisha yake yote kwenye kiwanda cha unga, akishona midomo ya magunia. Siku moja ililetwa mashine inayojaza, kupima na kushona yenyewe. Wafanyakazi wakashukuriwa kwa hotuba na mfuko wa unga kila mmoja. Mume wake alikuwa ameshafariki, watoto wametawanyika, yeye akabaki kwenye chumba cha kupanga. Alikuja kwa kaka yake na begi moja na redio, na redio hiyo ilianza kusema saa hiyo hiyo alipoingia, haikunyamaza tena.

Kazi ya kwanza ya kila siku ilikuwa kumvalisha mgonjwa. Wifi alivalisha kama mtu anayetia mto kwenye foronya: anashika pembe, anasukuma, anatikisa, anavuta. Hakuwa na ubaya, alikuwa na haraka. Tatizo lilikuwa nguo zenyewe. Kabati la Mama Mkasi lilijaa magauni aliyojishonea mwenyewe, yenye zipu mgongoni, vifungo vidogo kama mbegu za ufuta, na kwapa lililokatwa likakaa mwilini bila nafasi ya bure. Mkono uliokufa haukubali kuingia kwenye kwapa la namna hiyo. Ujuzi wake wote ulikuwa umejipanga kabatini, na kila asubuhi ulimgeuka.

Alivumilia akitazama ukuta. Alikuwa amevalisha wanawake wa mtaa mzima, amewafunga zipu na kuwaweka sawa mabega, na hakuwahi hata siku moja kufikiri yule anayevalishwa anajisikiaje.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na rafu ya vitambaa vya wateja vilivyokuwa vikimsubiri apone. Mama Mkasi alipoweza kukaa muda mrefu kitini, aliamua havitasubiri zaidi. Macho alikuwa nayo. Kichwa alikuwa nacho. Kilichokosekana ni mikono, na mikono ilikuwa jikoni ikisikiliza redio. Binti alikuwa amemtumia mkasi wa watu wa mkono wa kushoto. Aliujaribu kwenye kipande cha bitana, kikatoka kama kimetafunwa na panya, akaufungia kwenye droo.

Akamwita wifi. Akaanza kumfundisha. Alimkalisha kwenye cherehani, akasimama nyuma yake na kuelekeza: peleka, zungusha, punguza, usivute, acha kitambaa kiende chenyewe. Kwenye shingo ya gauni mshono wa wifi ulipinda pasipotakiwa, ukanyooka palipotakiwa upinde. Alifumua, akashona, akafumua. Mama Mkasi aliona jinsi ambavyo yeye angefanya, vidole vyake vilivyolala vikaona pia, na hasira ikampanda kutoka huko huko.

Mteja wa kwanza kuchukua nguo alikuwa mwalimu wa chekechea, mteja wa siku nyingi, aliyekuwa akijiandaa kwa harusi ya mdogo wake. Alivaa mbele ya kioo. Mkono wa kulia wa gauni ulikuwa umeshonwa kushoto na wa kushoto kulia, kwa hiyo mikono yote miwili ilivuta kuelekea nyuma, kama mtu anayetaka kuogelea kinyumenyume. Mwalimu akajitazama, akawatazama wale wawili kwenye kioo, akasema ni nzuri, ahsante sana, ataizoea. Laiti angetukana. Alilikunja gauni lake taratibu, akaaga kwa heshima zote, na Mama Mkasi akajua yule hatarudi.

Mlango ulipofungwa, alikaa chini akavuta pumzi.

"Tutafanyaje," alisema, nusu akijiambia mwenyewe. "Ukikosa la mama, hata la mbwa hunyonywa."

Wifi alikuwa anaokota vipande vya uzi sakafuni. Akasimama navyo mkononi.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbwa."

"Ni methali tu, wifi."

"Methali naijua. Nauliza mbwa ni nani humu ndani. Tupo wawili, na wewe ndiye unayenyonya."

Mama Mkasi alivuta kipande cha kitambaa kilichokuwa mezani, akaanza kukikunja kwa mkono mmoja.

"Nimeshona magunia tangu ujana wangu," wifi aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Hakuna gunia langu lililowahi kumwaga unga. Tangu nije hapa hujaniuliza najua nini. Umeangalia tu kama mikono ninayo."

Akaenda jikoni, akaongeza sauti ya redio.

Baada ya hapo nyumba iligawanyika. Wifi aliendelea kumvalisha kila asubuhi, kumpikia, kumfulia, lakini bila neno. Likiwapo la lazima, kila mmoja alimpigia simu aliye mume wa mmoja na kaka wa mwingine, akiwa huko kwenye jengo lake. Mwambie mkeo chai iko mezani. Mwambie dada yako dawa zimekwisha. Bwana yule, juu ya ngazi, brashi mkono mmoja na simu mkono mwingine, akageuka kuwa posta kati ya sebule na jikoni. Mwishowe aliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba wao wana midomo na yeye ana ukuta, basi kila mtu atumie alicho nacho. Akazima simu.

Siku za mazoezi Mama Mkasi alikwenda kliniki. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu wakisubiri kuitwa na bwana wa mazoezi, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Miongoni mwao alikuwako mzee mmoja aliyekuwa refa wa mpira enzi zake, na wote walimwita Refa. Kiharusi kilimchukua upande uleule wa kulia. Siku hiyo jua lilikuwa kali, hata feni ilikuwa inapuliza moto, na Refa alikuwa amekaa ndani ya koti la mvua, limefungwa mpaka shingoni, jasho likimtiririka.

Mama Mkasi alimsalimia shikamoo, akaitikiwa. Akamwuliza kama ana homa.

"Sina homa," Refa alisema. Akatazama mbele kwa muda, kama anapima kama tukio ni kosa au si kosa. "Ndani sina shati."

Alimweleza kidogo kidogo. Mkewe ametangulia mbele ya haki. Kijana wake huondoka kazini alfajiri. Nyumbani hubaki yeye na mke wa kijana wake. Shati lina vifungo, na vifungo vinataka mikono miwili. Koti la mvua lina zipu kubwa mbele, ncha yake huishika kwa meno.

"Mkwe wako ndiye hataki kukusaidia?" Mama Mkasi aliuliza.

"Anataka. Ni mtoto mzuri mno. Ndiyo maana mimi sitaki." Alipangusa jasho kwa mkono wa kushoto. "Fundi, mimi nimewatoa uwanjani wanaume wazima. Nikae kitandani kifua wazi, mkwe wangu anifunge vifungo? Bora nichemke."

Kisha akaitwa ndani. Alikwenda na koti lake likilia kwa kila hatua.

Mama Mkasi alirudi nyumbani akajilaza bila kubadili nguo. Mazoezi yalikuwa yamemchosha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa shuka tu, hauna kazi, ukakutana na mshono. Ulikuwa unapita katikati ya shuka kutoka kichwani hadi miguuni. Alikumbuka: shuka lile lilikuwa limechakaa katikati hadi kuonyesha godoro. Kumbe wifi alikuwa amelitenga pande mbili, akaondoa palipokwisha, akageuza kingo zilizokuwa bado nzima zikawa katikati, akaziunganisha. Hakumwambia mtu. Mama Mkasi alikuwa amelalia kazi ile siku zote hizo asiione.

Akauandama mshono kwa kidole. Alikuwa na kidole kinachojua kutafuta makosa. Kilishapita kwenye kazi za mafundi wengi na hakikukosa la kusema. Kilitoka juu kikafika chini hakijapata kitu. Hatua za sindano zilikuwa sawa kama zimepangwa na mtu mmoja aliyetulia siku nzima. Akakaa kitako, akauandama tena, kwa jicho sasa. Ulikuwa umenyooka kama timazi ya mwashi.

Akaenda jikoni akiburuta mguu. Akanyoosha mkono akapunguza redio, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa vita.

"Wifi, lile shuka ulilikata na nini?"

Wifi alikuwa anamenya viazi. Alimaliza kiazi alichokishika.

"Sikulikata. Nililichana. Kitambaa cha pamba kina njia zake. Ukikipa mwanzo mdogo tu ukavuta, kinafuata uzi wake mpaka mwisho, hakidanganyi. Kukata ni kwa wenye vipaji."

Mama Mkasi alilipokea lile la mwisho akalimeza.

"Neno nililosema siku ile halikuwa zuri."

"Lipi?"

"La mbwa."

"Nilishalisahau," wifi alisema, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa bado analo, limekunjwa vizuri. Akachukua kiazi kingine. "Umekuja kwa ajili ya shuka au kwa ajili ya mbwa?"

"Nimekuja kukuuliza unajua nini."

Wifi akaweka kisu chini. Akafikiri kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa tayari miaka mingi, ila muulizaji hakuwahi kutokea.

"Najua kwenda moja kwa moja," alisema. "Basi. Lakini hiyo naijua."

Mama Mkasi alivuta kigoda akamweleza habari za Refa na koti lake. Halafu akamweleza kilichomjia pale kitandani. Nguo zote alizowahi kushona zilikuwa za mtu mwenye mikono miwili anayetaka fundi aonyeshe ufundi wake. Sasa alitaka nguo ambayo mtu wa mkono mmoja ataivaa mwenyewe, isiyo na mpindo hata mmoja. Kila kipande kiwe mraba au mstatili, kila mshono uende moja kwa moja. Wifi akauliza kwapa je, maana kwapa lilikuwa limemtesa kuliko vyote. Mama Mkasi akasema kwapani watatia kipande cha mraba, kikae kwa pembe, kama kito, nafasi ipatikane bila kuzungusha. Wifi akasema mraba anauweza.

Walianza na nguo ya Mama Mkasi mwenyewe, kwa kuwa mteja huyo hawezi kukimbia. Walichukua pamba ya rangi ya majani iliyokaa rafuni tangu zamani. Wifi akaitia mwanzo kwa ncha ya mkasi, akashika upande mmoja, Mama Mkasi akashika upande wa pili kwa mkono wa kushoto, akajiegemeza kwenye meza asianguke, wakavuta. Kitambaa kikalia kwa sauti ndefu, kikagawanyika sawasawa, vumbi la nyuzi likaruka juani. Wakatazamana. Ilikuwa raha isiyo na maelezo. Wakachana kingine ambacho hakikuhitajika.

Nguo ya kwanza ilishindwa. Waliacha uwazi mgongoni, wakaufungia utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto; utepe ukashika nywele za Mama Mkasi ukakataa kuachia, wifi akacheka mpaka akakaa chini. Ya pili waliweka uwazi mbele, lakini mkono uliokufa bado ulitakiwa kupenya ndani ya mkono wa nguo kama mtu anayeingia kwenye bomba. Mama Mkasi alikaa nayo mapajani mchana mzima akiitazama. Kisha akasema waufungue mkono wenyewe, juu, kuanzia shingoni kupita begani hadi kifundoni. Mkono mgonjwa usiingizwe popote. Ulazwe tu, na nguo ndiyo ije kuufunika.

"Kama unavyolijaza gunia," wifi alisema. "Huliingizii unga kwa kusukuma. Unalifungua mdomo wote."

"Ndivyo," Mama Mkasi alikiri.

Nguo hiyo ya tatu waliimaliza jioni. Kesho yake wifi alipobisha mlango wa chumbani kuja kuvalisha, aliambiwa asubiri. Akasubiri. Ndani kulisikika kitanda kikilia, kitu kikaanguka, mtu akanung'unika, kikafuata kimya, halafu ule mlio wa utepe unaobandikwa, ukabanduliwa, ukabandikwa tena. Chai ilipoa. Mara mbili wifi aliinua mkono kugonga akaushusha. Mlango ulipofunguliwa, Mama Mkasi alikuwa amesimama ndani ya nguo ya rangi ya majani, kijasho usoni, amevaa.

Wifi akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Shingo imekaa upande," alisema.

"Naijua."

"Chai imepoa. Nitaipasha."

Lakini hakwenda jikoni. Alitoka uani akaanza kuanua nguo ambazo alikuwa amezianika muda si mrefu na bado zilikuwa zinachuruzika maji, akakaa huko kitambo. Mama Mkasi alikunywa chai yake ya baridi peke yake, akaiona tamu.

Shati la Refa lilifuata. Alipoambiwa, alisema hataki huruma na hataki kuvaa kitu kinachofanana na nguo za hospitali. Kwa hiyo walilishona kwa kitambaa cheusi kizuri, na juu ya utepe wa kunata Mama Mkasi akaamuru vipachikwe vifungo vya kweli, visivyofunga chochote, vikae tu kifuani vikionekana. Wifi aliona ni kupoteza vifungo. Mama Mkasi akamwambia hivyo ndivyo vifungo muhimu kuliko vyote atakavyowahi kushona. Siku ya kliniki Refa aliingia na shati lake, ameketi wima, mfuko wa kifuani umewekwa kalamu. Mmoja benchini akamwuliza nani kamfungia.

"Nimefunga mwenyewe," alisema.

Bwana wa mazoezi ndiye aliyeliona jinsi lilivyo, kwa kuwa ilimbidi alifungue. Alilibandua, akalibandika, akaliita kundi zima la wenzake. Akaomba ashonewe moja la kuonyesha wagonjwa wapya. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuuliza nyumba iko wapi. Walikuja wenye mikono iliyopooza, wenye mabega yaliyovunjika, bibi mmoja ambaye mifupa haikumruhusu tena kuinua mkono kupita kidevu. Mama Mkasi alimtazama kila mmoja kama alivyokuwa akitazama zamani, isipokuwa sasa hakuwageuza. Aliwaomba wavue na kuvaa walichokuja nacho, akatazama wanakwama wapi.

Si kwamba kila kitu kilikuwa heri. Siku moja alikuja mama wa bibi harusi kutoka mtaa wa pili, hana habari ya yaliyotokea, amebeba kitambaa cha hariri kinachometameta kwenye karatasi laini. Alitaka gauni la mwanawe, lile la kubana kiuno na kumwagika chini, kama alilowashonea binamu zake. Mama Mkasi alikishika kile kitambaa. Alikiona kimeshakatwa, kimeshashonwa, kimeshavaliwa. Akamwelekeza kwa fundi mwingine, msichana aliyejifunzia kwake, akamwambia yule ana mkono mzuri. Mama aliposhukuru na kuondoka, alikaa kwenye meza ya kukatia, uso umegeukia ukuta, mpaka mchana ukaisha. Wifi alizima redio bila kuambiwa.

Mume aliporudi kutoka kwenye jengo lake alikuta hana pa kuweka miguu. Sebule ilijaa mistatili ya kila rangi, miraba ya kwapa imerundikwa kwenye kiti chake, mkewe amejivalisha, dada yake anaimba. Alikula chakula chake kwa kukaa kwenye ndoo ya rangi aliyokuja nayo. Alifurahi kwa dhati, na katika furaha hiyo akasema jambo ambalo aliliona la busara: kwa kuwa sasa mke wake anajiweza, dada ana haki ya kurudi kwake akapumzike, asije kusema kaka yake amemfanya mtumishi.

Wifi akaanza kukusanya vyombo ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kulia.

"Ni kweli," alisema. "Kwangu kuna mambo yangu."

"Mambo gani?" Mama Mkasi aliuliza.

"Mambo."

"Redio unayo hapa. Una mambo gani huko?"

Mama Mkasi akamgeukia mumewe, akamwambia kwa utaratibu kwamba mgonjwa alikuwa anahitaji wa kumvalisha, na huyo hahitajiki tena, ni kweli. Lakini karakana ina mafundi wawili, na fundi haruhusiwi kuondoka kwa sababu mgonjwa amepona. Kama dada anataka kwenda, aende. Kama anabaki, asibaki kama mgeni wa kitanda cha kukunja.

Mume akatazama mmoja, akatazama wa pili, akaona hapa kuna ukuta ambao si kazi yake kuupaka. Akaendelea kula.

Wifi alifikiri usiku kucha. Asubuhi alitoa masharti. Anataka chumba cha upande wa dirisha, kipakwe rangi na mwenye brashi aliyeko humu ndani. Anataka ufunguo wake. Na katika karakana redio itabaki. Mama Mkasi alikubali mawili ya kwanza papo hapo. La redio walilijadili hadi mchana, wakapatana iwe inanyamaza mteja anapoingia.

Wiki iliyofuata bwana wa mazoezi aliwatumia mama mmoja mgeni, ambaye kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mpaka hapo wagonjwa wote wa kiharusi waliowashonea, kwa bahati tu, walikuwa wa kulia. Wakatofautiana. Wifi alisema ni kugeuza uwazi tu uende upande wa pili. Mama Mkasi alisema yule mama alikuwa mtu wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, kwa hiyo amebakiwa na mkono ambao hajawahi kuutumia hata kujikunia, na utepe ukiwekwa palepale hataufikia. Walibishana kwa maneno, mwisho wifi akasema ubishi unakausha koo, afungwe mkono wajaribu.

Mama Mkasi akachukua ukanda wa pamba, na kwa mkono wake mmoja na meno akaufunga mkono wa kushoto wa wifi ubavuni, akaukaza. Kisha akampa nguo, akakaa kwenye kigoda kutazama.

Wifi aliitia kichwani ikamkwama usoni. Akazunguka nayo kama kuku aliyefunikwa na kikapu. Akagonga meza. Akatupa maneno ambayo kiwandani huenda yalikuwa ya kawaida. Utepe ulibandika mahali pasipo pake, akaubandua, ukabandika pengine. Mama Mkasi alikuwa akijua kila hatua ya mapambano yale kabla haijafika, na mkono wake wa kushoto ulitaka kunyanyuka kumsaidia. Akaukalia.

"Inanishinda," wifi alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Pumzi inaniishia."

"Polepole," Mama Mkasi alisema. "Hakuna anayekufukuza. Anza na bega."